Mlingoti, Mwambie Mkwe Wangu

Mimi naitwa Marcelina, ni mama yake Dorotea, na Masatu ni mume wa Dorotea. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume ni watu wa kuogopana. Hamkai mkeka mmoja, hamli sahani moja, hamtajani majina, na mkitaka kuambiana jambo lazima awepo mtu wa katikati. Mtu asipokuwepo, unasemesha kitu chochote kilicho karibu. Nimewahi kumweleza kuku wa Dorotea habari za msiba wa shangazi yangu, Masatu akiwa amekaa pale pale, naye akamjibu kuku yule yule kwamba amesikitika sana. Wageni wanaotoka mbali wanatucheka. Wacheke tu, ndoa zetu zinadumu.

Jina la mkwe wangu nalitaja hapa kwa sababu mtakayoiona mbele. Wakati ule ningekatwa ulimi kuliko kulitamka.

Sasa, mkikutana njiani, mmoja anatoka njia na kugeuza uso. Zamani aliyekuwa anatoka ni Masatu, kijana mwenye adabu zake. Alipopofuka, kazi yote ikaniangukia mimi. Nitoke njiani mimi, nikanyage miba mimi, nikohoe mimi ili ajue nipo. Nilikohoa mpaka watu wa kijijini kwake wakaanza kunong'ona kwamba nina kifua kikuu.

Alipofuka mwaka wa themanini na tatu, miaka ile ya foleni, wakati hata chumvi ilikuwa na mgao wake. Mafuta ya taa yaliadimika, na wenye roho mbaya wakawa wanayachanganya na petroli na kuyauza kwa kificho. Masatu alikuwa anavua dagaa kwa karabai kama vijana wote wa rasi ya kwao. Usiku mmoja akajaza, akapampu, akawasha, na karabai ikamlipukia usoni. Hakufa. Macho ndiyo yaliyokufa. Nilimlilia kama ningemlilia mwanangu wa kumzaa, ila nililia nyumba ya jirani, maana kumlilia karibu kulikuwa na mwiko wake.

Tangu hapo akawa wa kukaa kivulini na kushona nyavu za wengine. Mikono yake ilikuwa mizuri, hakuna aliyekosa kumsifu, na sifa hizo zilikuwa zinamchoma. Siku moja nimekwenda kumsalimia Dorotea, nikamkuta Masatu uani, nikakohoa, nikajibanza nyuma ya ghala. Akamwambia mbuzi aliyekuwa amefungwa pale, "Mwambie mama, mimi nikiendelea kukaa nchi kavu nitaoza." Mbuzi hakusema kitu, na mimi pia sikusema. Nilikwenda nyumbani Bunda na neno lile limenikaa kooni.

Basi ukafika mwaka wa themanini na tisa. Vitu vilikuwa vimerudi madukani. Sabuni ipo, sukari ipo, mitumba inamwagwa chini kwa marobota, na sangara, yule samaki tuliyekuwa tunamdharau kwa mafuta yake, ghafla ana wateja wenye malori ya barafu. Mimi nilikuwa nachuuza dagaa mpaka Kiabakari na Buhemba kwa wachimba dhahabu, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi nilijinunulia kitenge kipya pale Bunda, cha rangi ya machungwa, chenye picha za feni. Msinicheke. Asiyewahi kuona maiti ikizikwa na blanketi lake kwa kukosa sanda hajui kitenge kipya ni nini.

Mwaka huo huo Chama cha Wavuvi Walemavu kikatangaza mashindano ya matanga pale Musoma. Mwenyekiti wake alikuwa Bwana Stanislausi, bwana samaki wa serikali aliyestaafu, mwenye mguu mfupi wa polio na sauti ya mtu asiyependa kurudia jambo. Nia ilikuwa kuchangisha fedha za kuunda chombo kikubwa chenye mashine, kiwe mali ya wavuvi wenye ulemavu, ili wasiendelee kubebwa kwa huruma kwenye vyombo vya wengine. Kila mtumbwi ungekuwa na watu wawili: nahodha awe mlemavu, na mwenzake wa kushika kamba ya tanga awe yeyote yule. Watu wangelipia kutazama, wenye mali wangechangia mtumbwi waupendao.

Masatu alikwenda kujiandikisha akiongozwa na Dorotea. Bwana Stanislausi akamwambia, kwa upole lakini mbele ya watu, kwamba mashindano anaweza kuingia kujifurahisha, ila chombo kipya hakitakuwa na nafasi ya asiyeona. Asiye na mguu atashika usukani, asiye na mkono atavuta kwa mwingine, lakini asiyeona atauona wapi wavu? Wasioona wabaki nchi kavu kushona nyavu, na hiyo nayo ni kazi ya heshima.

Dorotea aliniambia kwamba mumewe aliuliza mashindano yana maboya mangapi. Akaambiwa matatu. Akasema, "Nikiyazunguka yote matatu bila kugusa hata moja, nikarudi kwa tanga bila kuvutwa na mtu, mnipe usukani wa chombo kipya kwa zamu, sawa na wengine. Nikishindwa, sitakuja kuliongea tena mpaka nife." Bwana Stanislausi ni mtu wa kujivunia kauli yake. Akampa mkono, watu wakiwa wanashuhudia.

Niliposikia hayo, usingizi ulinihama.

Siku ya mashindano Musoma ilifurika. Yalikuja malori kutoka Butiama, kutoka Bunda, kutoka Kiabakari, wanafunzi na ngoma zao, kwaya ya parokia na sare zao, wauza vitumbua, wauza miwa. Kule Mwigobero, ufukweni, hakukuwa na pa kuweka unyayo. Jumanne Pazi, mwenye duka la redio, alikuwa amefunga vipaza sauti juu ya pipa, akawa anatangaza majina ya mitumbwi kama mtu anayetangaza kiama. Karai la michango lilikuwa linapita, na wachimbaji wa Buhemba, wale watu wa kutoa bila kuangalia, walikuwa wanalifanya lilie. Nilikuwa nimevaa kitenge changu juu ya shimizi na blauzi, nimejifunga vizuri, najiona.

Mwenzake Masatu wa kushika kamba alikuwa mdogo wake, Felisian. Walikuwa wamejifunza mwezi mzima. Alfajiri ile ile lori la sangara likafika, baada ya wiki nzima kutoonekana, na mwenye lori akawa anatafuta vijana wa kupakia na kwenda naye mpaka Mwanza. Felisian akapanda. Hakuaga hata. Alituma ujumbe kwa muuza miwa kwamba kaka amsamehe, nafasi kama hiyo huwa hairudi. Nilimtukana moyoni tusi ambalo sitaliandika.

Jumanne akatangaza kwamba mtumbwi wa Masatu una upungufu wa mtu mmoja, na anayeweza kushika kamba ajitokeze. Ufukwe mzima ukaanza kutazama angani. Kuchangia kipofu walikuwa tayari, kumpigia makofi walikuwa tayari, ila kuingia majini, kipofu akiwa kwenye usukani, ahaa, hapo kila mtu alikuwa na mgonjwa nyumbani. Jumanne akarudia. Filimbi ilikuwa karibu kupigwa. Masatu alikuwa amekaa kule nyuma ya mtumbwi, ameshika kafi la kuongozea, uso wake wenye makovu umeelekea ziwani, wala hakugeuka.

Ndipo nikamwona Dorotea anakunja gauni. Tumbo lake lilikuwa la miezi minane. Alikuwa anakwenda majini.

Nikamshika mkono. Nikamwambia akae.

Niwaambie jambo moja. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume. Tangu nilipojua kusimama mpaka siku niliyoolewa, kamba ya tanga lake nilishika mimi. Watu walisema msichana ataleta mkosi, baba akasema mkosi ni kulala njaa. Kamba naijua. Kilichokuwa kinanitetemesha ni yule aliyekaa kule nyuma.

Nikakohoa. Masatu akashtuka, akaanza kutafuta pa kusogea, na mtu atasogea wapi ndani ya mtumbwi? Mzee Kasmiri, baba yake mdogo, mkubwa wa ukoo wao, alikuwa amesimama jirani. Alielewa kabla ya wengine.

"Mama Dorotea," akasema, "hii haijawahi kuonekana. Usithubutu."

Nikaingia. Nikakaa mbele, mgongo nimempa mkwe wangu, mlingoti ukiwa katikati yetu. Filimbi ikalia.

Mitumbwi yote iliondoka kwa pamoja, matanga ya magunia ya unga, matanga ya turubai, moja la shuka za hospitali, na kelele za watu zikatusukuma kama upepo wa pili. Upepo wenyewe ulikuwa unatoka ziwani, unatupiga usoni, kwa hiyo ilibidi twende mshazari, mara kulia, mara kushoto, kama mtu anayepanda mlima mkali. Mbele yetu yalikuwepo mawe yale makubwa yanayotokeza majini. Nikaliona moja linatujia. Sasa nimwambieje? Mtu wa katikati hakuwepo, kuku hakuwepo, mbuzi hakuwepo.

"Mlingoti," nikasema, "hebu mwambie nahodha, kama haitamsumbua, asogeze usukani kidogo upande wa kulia, maana naona kama kuna jiwe."

Nilipofika kwenye neno jiwe, jiwe lenyewe lilikuwa limeshatukwangua ubavuni. Mtumbwi ukayumba, maji yakaingia. Halafu nikasikia sauti ya Masatu, taratibu.

"Mlingoti, mwambie mama heshima yake nimeipokea. Lakini mwambie mawe hayangojaga adabu."

Niliona aibu, halafu nikacheka, halafu nikaanza kazi. "Mlingoti, kulia! Mlingoti, tulia hapo hapo! Mlingoti, kushoto, kushoto!" Na kila neno likienda, mtumbwi unakwenda. Sijawahi kuona mkono msikivu kama ule. Nilikuwa sijamaliza neno, chombo kimeshageuka. Kwenye boya la kwanza, lile dumu jekundu lililofungwa jiwe, tulipita karibu kiasi kwamba ningeweza kulipiga kofi, wala hatukuligusa.

Tukamfikia Kudura, mtu wa Musoma mjini, aliyeliwa mguu na mamba na ambaye kila mtu alijua ndiye atakayeshinda. Alinisikia ninavyopiga kelele, akauliza kwa sauti ninasemeshana na nani. Nikamwambia nasemeshana na mlingoti, na yeye aendelee na safari yake. Akacheka nusura aangushe kafi.

Boya la pili lilikuwa mbali, kule maji yanapobadilika rangi. Huko ndiko nilikomwelewa mkwe wangu. Mimi nilikuwa naangalia mbele nikiona ziwa limetulia, naye akasema, "Mlingoti, mwambie mama alegeze kamba. Kuna upepo inakuja." Nikalegeza kwa utii tu. Sekunde ile ile upepo ukatupiga. Mtumbwi wa jirani ambao haukulegeza ulilala ubavu, watu wake wakawa wanaogelea huku wakilaumiana. Sisi tuliinama tukainuka. Aliusikia kwa masikio, au kwa yale makovu, sijui. Mimi nilikuwa macho yake, naye alikuwa kitu ambacho mimi sina jina lake.

Tukalizunguka la pili. Sasa upepo ulikuwa ubavuni, mzuri, na mtumbwi ukaanza kukimbia. Jamani, nilifurahi! Nasema bila aibu kwamba nilisahau kuwa mimi ni bibi mtarajiwa, mjane, mchuuzi wa dagaa mwenye magoti mabaya. Nilivuta kamba, nikaegemeza mwili nje ya ukingo kama nilivyokuwa nafanya kwa baba, maji yakinirukia usoni, na nikapiga kigelegele peke yangu katikati ya ziwa. Kule nyuma nikamsikia Masatu naye anacheka. Tulipita mtumbwi mmoja, tukapita wa pili, tukabaki nyuma ya Kudura peke yake. "Mlingoti," Masatu akasema, "mwulize mama, mbele kuna nani?" Nikamwambia mlingoti kwamba mbele kuna mtu mmoja tu, na mgongo wake naanza kuuona vizuri.

Boya la tatu lilikuwa limebaki mbele yetu kwa urefu wa mitumbwi michache tu. Baada ya hapo ni kuelekea Mwigobero moja kwa moja, upepo mgongoni, mtoto angeweza.

Wingu dogo jeusi lilikuwa limetoka nyuma ya kisiwa. Masatu alisema kamba, mimi nikalegeza, tulifanya yote kama inavyotakiwa. Ila mlingoti ule ulikuwa mzee kuliko ndoa ya Dorotea. Ulilia mara moja, ukakatika chini kabisa, ukaanguka majini na tanga lake na kopo letu la kuchotea maji. Tanga likalowa, likaanza kutuvuta kwenda chini upande mmoja. Hapakuwa na la kujadili. Kisu cha nyavu kilikuwa kimechomekwa kwenye ubao, nikakichukua, nikakata kamba, na msemaji wetu akaenda zake akielea.

Chombo kikainuka. Nikageuka mbele. Boya lilikuwa linatujia, au sisi tunaliendea, wimbi linatubeba ubavu ubavu, na dumu lake jekundu liko usawa wa kifua cha mtumbwi. Likigusa, basi. Nikafungua mdomo nikasema, "Mli..."

Haukuwepo.

Nikatafuta kitu cha kusemeshea. Naapa nilitafuta, niliangalia ubao, niliangalia maji. Halafu nikageuka mzima mzima, nikamtazama mkwe wangu usoni kwa mara ya kwanza tangu alipokuja na wazee wake kuposa. Alikuwa amekunja uso, anasikiliza, anasubiri neno ambalo halimfikii.

"Masatu!" nikasema. "Masatu, baba, vuta kwako! Kwako yote!"

Akavuta. Mtumbwi ukageuza mkia polepole, polepole mno, na dumu likapita ubavuni, likazunguka nyuma, likabaki. Hatukuligusa. Lakini Masatu alikuwa amekuwa kama jiwe. Hakunijibu, na hakukuwa na wa kumjibia. Nilimwita mkwe wangu kwa jina lake. Niliogopa kimya chake kuliko maji.

Sasa tulikuwa na chombo bila tanga. Kupiga kafi ni marufuku, kafi lilikuwa la kuongozea tu. Mitumbwi tuliyoipita ikaanza kutupita. Kisha nikasikia mashine, nayo ilikuwa boti ya waamuzi, Bwana Stanislausi amesimama ndani yake na kamba mkononi, ameshaikunja tayari kuirusha. Aliuliza kwa huruma kama atuvute. Mwenye kumwona Masatu wakati ule angejua maana ya kamba ile. Kichwa kilianguka kifuani. Mikono iliyokuwa inaweza kutupeleka Mwigobero kwa kafi kabla ya nusu ya wimbo iliwekwa magotini, ikatulia. Alikuwa ameshaanza kuwa mtu wa kivulini.

Upepo ulikuwa unanipiga mgongoni, na kitenge changu kilikuwa kinapepea.

Sikufikiri sana, ningefikiri nisingefanya. Nikamwambia Bwana Stanislausi aweke kamba yake chini. Nikafungua kitenge. Bwana Stanislausi aliona ninachofanya, akageuza uso upesi sana, na dereva wake naye, na boti ikabaki inazunguka bila mtu wa kuiangalia. Nikachukua upondo, ule mti wetu wa kusukumia chombo kwenye maji mafupi, nikafunga ncha mbili za kitenge juu yake, nyingine mbili nikazikanyaga kwa miguu, nikasimama na shimizi langu katikati ya mtumbwi, nimetanua mikono, nimeshika upondo juu ya kichwa. Upepo ukaingia. Feni zote za kitenge zikatuna.

Mtumbwi ukaanza kutembea.

Masatu akainua kichwa. "Chombo inatembea," akasema, si kwa mtu yeyote. "Inatembea na nini?"

"Na upepo," nikamwambia. "Weka mkia sawa, twende nyumbani."

Mikono iliniuma mpaka nikawa naimba ili nisilie. Ufukwe ukaanza kukua. Kwanza nilisikia Jumanne kwenye vipaza sauti akisema kwamba yule wa mwisho anakuja, na tanga la rangi ya machungwa, tanga ambalo hakumbuki kuliona asubuhi. Halafu tukakaribia, naye akaona, akanyamaza katikati ya neno. Ufukwe mzima ukanyamaza. Malori ya Butiama, malori ya Bunda, kwaya ya parokia, wachimbaji wa Buhemba, wote walikuwa wananitazama mimi Marcelina na shimizi langu la mtumba lenye kiraka pajani. Niliinua kidevu. Nilikuwa nimechoka kiasi cha kutojali. Kisha mama mmoja muuza vitumbua akapiga kigelegele, na wa pili, na wa kumi, na kelele zilizotoka pale sijazisikia tena maishani mwangu. Chombo kikagusa mchanga. Wanawake waliingia majini mpaka kiunoni, wakanifunika kanga tatu kwa mpigo, moja usoni kabisa, nikawa sioni njia.

Kudura ndiye aliyeshinda. Hakuna aliyekumbuka kumpa kombe.

Bwana Stanislausi alipanda juu ya pipa kwa mguu wake mfupi, akachukua kipaza sauti. Akasema ameona kwa macho yake, maboya matatu hayakuguswa, kafi halikupigwa, kamba haikurushwa, na tanga ni kitambaa chochote kinachoshika upepo. Akasema yeye si mtu wa kurudia kauli. Masatu atashika usukani wa chombo kipya kwa zamu, sawa na wengine. Dorotea alikaa chini mchangani na tumbo lake, akaanza kulia.

Hapo mzee Kasmiri akanyoosha fimbo. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu anayejua mambo yanavyokwenda na kuogopa yakienda vingine. Akasema usukani wapewe wanaostahili, sawa, lakini jambo hili si dogo. Mama mkwe ameingia chombo kimoja na mkwe. Amemwita jina. Halafu amevua nguo mbele yake, mchana, na mji mzima ni shahidi. Mkosi wa namna hiyo hauoshwi na maji ya ziwa. Mpaka wazee wakae, Masatu hawezi kushika chombo cha watu, maana nani ataingia humo na mkosi ule?

Niliona wavuvi wanatazamana. Niliona mmoja anarudi nyuma hatua moja, na mwingine. Hata Bwana Stanislausi alishusha kipaza sauti. Wanaume hawa hawaogopi mamba, lakini mkosi wanauogopa, nami siwalaumu, ninauogopa pia. Nikaona nimempa mkwe wangu ziwa kwa mkono mmoja na kumnyang'anya kwa mwingine. Nilitamani zile kanga zinifunike zaidi.

Masatu alikuwa bado amesimama majini, ameshika ukingo wa mtumbwi.

"Baba mdogo," akasema. "Mkosi unampata mkwe aliyeona. Ndivyo mlivyotufundishaga?"

Kasmiri akasema ndivyo.

"Basi niulizeni mimi niliona nini."

Hakuna aliyeuliza. Akawajibu hivyo hivyo.

"Mimi sikuona kitu."

Wa kwanza kucheka alikuwa Kudura, alicheka mpaka akaanguka kutoka kwenye ukingo wa mtumbwi wake. Halafu wachimbaji, halafu kwaya, halafu Jumanne kwenye vipaza sauti, kicheko kikawa kinaruka mpaka mjini. Mzee Kasmiri alijaribu kukaza uso. Alijaribu kweli. Mwisho akaegemea fimbo yake, mabega yanatikisika, anafuta machozi, akasema huyu mtoto ana haki, mkwe hakuona, nani atamshitaki?

Katika kelele zile Masatu akaanza kutembea. Alipapasa maji, akapapasa mchanga, akaja mpaka aliposikia pumzi zangu, akasimama mbele yangu, hakugeuza uso.

"Mama," akasema. Hakuwahi kuniita hivyo bila kupitia kwa kitu. "Hii giza nimeilaani miaka sita. Leo nimeishukuru."

Sikutafuta cha kusemeshea.

"Nimesikia, baba," nikamwambia.